Gesi Haiishi: Kinachofanya Tangi la Maziwa Lishindwe Kupoza

Maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na joto la takriban nyuzi 37. Yakifika kituoni asubuhi, kazi ya tangi ni kuyashusha hadi nyuzi 4 kwa muda wa saa tatu hivi, kwa sababu katika maziwa yenye joto bakteria huweza kuongezeka maradufu kila nusu saa au chini ya hapo. Tangi likishindwa, lori la kiwanda hufika, maziwa yanapimwa kwa alkoholi, yanaganda, na lori linaondoka tupu. Hasara hiyo ni ya mkulima wa Kieni, Tetu, Othaya, Mathira au Mukurwe-ini, ambaye tayari alikuwa amepangia malipo ya mwisho wa mwezi karo ya shule na chakula cha mifugo.

Mara nyingi kinachofuata ni kile kile. Fundi anaitwa, anagusa mabomba, anatikisa kichwa na kusema gesi imeisha. Anaongeza gesi, analipwa, na baada ya wiki chache anaitwa tena kwa shida ile ile.

Gesi ya kupoza haiishi. Si kama gesi ya kupikia, ambayo huungua kwenye jiko hadi mtungi ukabaki mtupu. Gesi ya tangi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ile iliyowekwa mtambo ulipokuwa mpya inaweza kufanya kazi miaka 15 bila kuongezwa hata gramu moja. Ikiwa imepungua, kuna mahali inavuja. Na mara nyingi haijapungua kamwe. Tatizo liko kwingine.

Kazi ya mtambo ni kuhamisha joto. Gesi ikiwa baridi hupita chini ya tangi na kubeba joto la maziwa. Kompresa huivuta na kuikandamiza hadi ikawa moto sana, kisha huisukuma kwenye kondensa, yaani ule wavu wa mabomba na vibati vyembamba vya alumini ulio nje ya jengo. Hapo feni hupitisha hewa, joto linaondoka, gesi inageuka kuwa majimaji, na safari inaanza upya. Joto lisipotoka huko nje, maziwa hayawezi kupoa hata gesi ingejazwa pomoni.

Ndiyo maana kondensa ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Katika vituo vingi vya mashambani imejaa vumbi la barabara, makapi ya nyasi kavu, manyoya ya kuku na utando wa buibui. Mjini Nyeri, ulio mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, kwa hivyo feni ile ile tayari inabeba joto kidogo zaidi. Uchafu ukiongezeka juu ya hilo, kompresa hufanya kazi kwa shida, bili ya stima inapanda na mashine inajizima yenyewe wakati wa adhuhuri. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka kwenye kondensa hugharimu takriban asilimia 2 hadi 3 zaidi ya stima.

Kuisafisha hakuhitaji fundi. Stima huzimwa kwenye swichi kuu, uchafu mkavu unapanguswa kwa brashi laini kufuata mstari wa vibati, kisha maji ya mpira wa kawaida yanapitishwa kutoka ndani kwenda nje, kinyume na njia ambayo hewa iliingilia. Sanduku la stima na mota ya feni hufunikwa zisilowe. Mashine ya kuoshea magari isitumike. Presha yake hulaza vibati na kuziba njia ya hewa moja kwa moja. Mwezi mmoja baina ya usafi na usafi unatosha mahali pengi, na kituo kilicho kando ya barabara ya vumbi kitahitaji kila wiki mbili wakati wa kiangazi.

Kuna kosa jingine, nalo linatokana na nia njema. Kwa kuogopa wezi wa shaba, vituo hujenga kizimba cha mabati kuzunguka mtambo wa nje. Hewa moto inayotoka kwenye feni hugonga bati na kurudi ilikotoka, na mtambo unavuta joto lake wenyewe siku nzima. Kizimba cha vyuma vyenye nafasi, kilicho wazi upande feni inakotazama, kinazuia wezi vilevile. Mikebe ya maziwa na magunia ya chakula cha mifugo yasiegemezwe hapo.

Miji inayozunguka Mlima Kenya ina shida yake ambayo fundi aliyejifunzia kazi pwani huenda hajawahi kukutana nayo. Wakati wa gathano, mwezi wa Julai na Agosti, asubuhi huwa na baridi ya nyuzi 10 au chini. Kondensa hupoa kupita kiasi, presha inashuka, na valvu inayopitisha gesi kwenda kwenye tangi haipati msukumo wa kutosha. Tangi linapoza polepole na kidirisha cha kioo kwenye bomba kinaonyesha mapovu, dalili ile ile ya gesi iliyopungua. Gesi inaongezwa, na kwa kweli mambo yanaonekana kuwa mazuri. Kisha inafika Januari, jua linawaka, gesi ile ya ziada haina pa kukaa, presha inapanda, na swichi ya usalama inazima kompresa kila baada ya dakika chache. Hapo chama cha ushirika kinalipia gesi ile ile mara mbili: ilipowekwa na inapotolewa.

Fundi mwangalifu huweka geji, halafu hufunika sehemu ya kondensa kwa katoni kwa dakika chache hadi presha ifike kiwango cha kawaida. Mapovu yakitoweka, gesi ni ya kutosha. Kinachohitajika ni swichi ya presha inayozima feni kukiwa na baridi, au kukarabatiwa kwa ile iliyopo ikiwa imekwama.

Stima nayo huua kompresa nyingi. Mitambo mikubwa hutumia fezi tatu za volti 415. Fezi moja ikikatika, mota huendelea kuvuta kwa zile mbili hadi nyaya zikaungua. Kifaa cha kulinda fezi ni bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa mpya, na kituo kisicho nacho kinacheza kamari. Kifaa hicho pia hugundua fezi zilizobadilishwa mpangilio baada ya laini au jenereta kukarabatiwa. Kompresa za aina ya skroli zikizungushwa kinyume hupiga kelele isiyo ya kawaida na hazipozi chochote, na huko pia watu hudhani ni gesi. Stima ikirudi baada ya kupotea, kompresa ipewe dakika 5 kabla ya kuwashwa. Kwenye mitambo midogo ya fezi moja, kompresa inayonguruma bila kuanza mara nyingi imeharibikiwa na kapasita tu. Kapasita hubaki na chaji hata stima ikizimwa, kwa hivyo kazi hiyo aachiwe fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA.

Ikiwa gesi imevuja kweli, madoa ya mafuta kwenye maungio huonyesha mahali, kwa sababu mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi. Uvujaji hutafutwa kwa kujaza naitrojeni na kupaka povu la sabuni. Oksijeni isitumike kamwe kupima presha: ikikutana na mafuta hulipuka, na mafundi wamewahi kufa hivyo. Baada ya kuziba, hewa na unyevu huvutwa nje kwa pampu, kichujio kinabadilishwa, na gesi huwekwa kwa kupimwa kwenye mizani kulingana na kibandiko cha mtambo. Kwa mwinuko wa Nyeri, sindano ya geji ya kawaida itasimama karibu na inchi 24 badala ya 30 wakati wa kuvuta hewa. Pampu si mbovu. Ni hewa ya mlimani.

Gesi ya zamani haiachiliwi hewani. Kilo moja ya R404A, inayotumika katika matangi mengi, hupasha dunia joto sawa na karibu kilo 3,900 za kaboni dioksidi. R22 inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, ambapo nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo iliyopo. Makubaliano ya Kigali ya 2016 yanapunguza R404A na wenzake hatua kwa hatua. Nchini Kenya gesi zinazoharibu tabaka la ozoni zinadhibitiwa kwa kanuni. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba tangi kuukuu linalotumia R22, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa, litakosa gesi.

Mashine hiyo hiyo imeanza kuonekana katika hoteli na nyumba kadhaa kwa kazi ya kinyume: kuchota joto la hewa ya nje na kupasha maji ya kuoga. Uniti moja ya stima huweza kutoa uniti tatu hivi za joto, ndiyo sababu inapendwa kuliko shawa ya stima. Kwa hii, wavu wa nje ndio unaokuwa baridi. Maji yanayodondoka chini yake ni unyevu wa hewa, wala si uvujaji. Usiku wa baridi kule Nanyuki wavu unaweza kushika barafu. Mashine husimama dakika chache kuiyeyusha na kutoa mvuke mweupe ambao umewahi kudhaniwa kuwa moshi. Barafu isiyoyeyuka hadi saa nne asubuhi ndiyo ya kumwitia fundi.

Kabla ya kumlipa fundi wa gesi, msimamizi wa kituo ana haki ya kuuliza mambo matatu: uvujaji ulikuwa wapi, gesi ya aina gani imewekwa, na ni gramu ngapi. Majibu yaandikwe kwenye daftari lililotundikwa kando ya tangi, pamoja na joto la maziwa saa ya kupokelewa na saa tatu baadaye, kila siku. Daftari hilo likionyesha kwamba maziwa yaliyokuwa yakifika nyuzi 4 saa tano asubuhi sasa yanafika saa sita, kondensa ioshwe siku hiyo hiyo, kabla lori halijarudi tupu.