Njia ya Mjini Ikifungwa, Nani Mwenye Kuifungua?

Mkulima wa Chala apelekaye mazao yake soko la Taveta, na mama apandaye gari kwenda Voi kutafuta matibabu, hawana desturi ya kuuliza njia ya mjini ni ya nani. Kwao njia ni njia tu. Lakini siku wakutapo mapipa yamepangwa katikati ya njia na askari akiwaamuru wazunguke, ndipo swali linapowajia: ni nani aliyeifunga, na ni nani awezaye kuifungua tena?

Kwa sheria za Kenya, njia zote hazina msimamizi mmoja. Barabara kuu, kama ile itokayo Voi kupitia Mwatate mpaka Taveta na kufika mpakani Holili, i katika mikono ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Njia za kaunti, pamoja na taa za mitaani, mwendo wa magari mjini na maegesho, Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi Serikali za Kaunti. Halmashauri za miji za zamani zilikwisha mwaka 2013, kaunti zilipoanza kazi. Basi mtu apelekaye shauri lake kwa ofisi isiyohusika hupoteza siku yake na nauli yake.

Njia hufungwa kwa sababu nyingi, na nyingi ni njema: kujenga mifereji, kuwalinda waendao kwa miguu wasigongwe, au kupunguza msongamano na moshi. Walakini nia njema peke yake haitoshi, kama yaliyotokea Nairobi yanavyoonyesha.

Tarehe 3 Desemba 2018, Serikali ya Kaunti ya Nairobi, chini ya Gavana Mike Sonko, ilizuia matatu zisiingie katikati ya jiji. Amri hiyo ilitegemea tangazo lililochapwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwaka 2017. Magari yalitakiwa kushusha abiria katika vituo vya pembeni, kama Muthurwa na Ngara. Siku hiyo watu wengi mno walikwenda kwa miguu: wazee, wagonjwa, wanawake wenye mimba, na wachuuzi wenye mizigo vichwani. Malalamiko yakazidi, na kabla ya siku mbili kwisha amri ikasimamishwa, matatu zikarudi mjini.

Msongamano uliotajwa ulikuwa wa kweli, wala hapana aliyeukana. Lakini njia ilifungwa kabla ya nyingine kutayarishwa. Abiria aliyeshushwa pembeni hakuwa na gari la kumfikisha kazini, sokoni au hospitali. Mwenye kufunga mlango wa mbele hana budi kwanza kuufungua wa nyuma.

Mwaka uliofuata, 2019, jiji lilo hilo lilishika njia tofauti katika Luthuli Avenue, mtaa mashuhuri kwa maduka ya redio, simu na vyombo vya umeme. Kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa lishughulikialo makazi, mtaa huo ulitengenezwa upya. Magari hayakufukuzwa yote, bali yaliachiwa kupita upande mmoja tu, na nafasi iliyobaki wakapewa waendao kwa miguu. Hivyo yaonekana kwamba kati ya kufunga kabisa na kufungua kabisa ipo njia ya tatu.

Kufungua nako kwataka busara. Mwenye duka hulalamika kwamba wateja wamepungua, mwenye gari kwamba anazunguka mbali, na mwenda kwa miguu hufurahi kwamba mtoto wake avuka salama. Wote watatu wana haki. Kwa hiyo wenye kuamua yafaa wajiulize: Je, sababu ya kufunga imekwisha? Gari la wagonjwa na la zimamoto litapita wapi? Mchuuzi atauzia wapi? Wapitao kwa siku ni wangapi? Afadhali watu wahesabiwe kuliko kumsikiliza mwenye sauti kubwa peke yake.

Katiba yaagiza Mabunge ya Kaunti yawashirikishe wananchi katika kazi zake, na sheria ya mwaka 2012 yampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi mbele ya Bunge la Kaunti. Ombi lenye nguvu hutaja njia yenyewe, siku iliyofungwa, hasara iliyopatikana na jambo linalotakiwa. Na baraza likitangazwa, iwe Voi au Taveta, mwananchi wa Chala aliye mbali na mji asidhani kwamba shauri hilo ni la wenye maduka tu. Mazao yake hupita njia iyo hiyo, na asiyefika barazani huamuliwa na waliofika.