Uundaji wa Funguo za Safumlalo katika Hifadhidata za Safuwima Pana: Mfano wa Bigtable na HBase

1. Utangulizi

Mwaka 2006 wahandisi wa Google walichapisha maelezo ya Bigtable, hifadhidata ambayo ndiyo kielelezo cha HBase. Katika mifumo hii, kila safumlalo hutambulishwa kwa ufunguo mmoja, na safumlalo zote hupangwa kwa mfuatano wa baiti za funguo hizo. Kwa hiyo ufunguo huamua mambo mawili kwa pamoja: data zipi zikae jirani, na seva ipi izihudumie. Makala hii inabainisha kuwa majukumu hayo hukinzana, na kwamba kuunda ufunguo ni kuamua lipi litangulizwe.

2. Ujirani wa Data

Maelezo ya Bigtable yanatoa mfano wa jedwali la kurasa za wavuti ambamo jina la kikoa hugeuzwa: ukurasa wa maps.google.com/index.html huhifadhiwa chini ya ufunguo com.google.maps/index.html. Kwa njia hiyo, kurasa za kikoa kimoja hukaa pamoja na kusomwa kwa mfululizo. Mpangilio huohuo huhitaji uangalifu kwa namba zilizoandikwa kama matini, kwani "10" hutangulia "9". Budi zijazwe sifuri ziwe na urefu sawa.

3. Msongamano wa Uandishi

Jedwali hugawanywa katika vipande vya funguo zinazofuatana, na kila kipande huhudumiwa na seva moja kwa wakati. Tuseme vituo vya hali ya hewa vinatuma vipimo, na ufunguo unaanza na wakati. Kila kipimo kipya kitaangukia kipande cha mwisho. Seva moja italemewa ilhali nyingine hazina kazi. Kugeuza wakati ili kipya kitangulie hakuondoi tatizo, bali huhamishia msongamano mwanzoni mwa jedwali.

Suluhisho la kwanza ni kutanguliza namba ya kituo, kisha wakati. Uandishi husambaa, na historia ya kituo kimoja husomwa kwa mpito mmoja. Lakini kusoma vipimo vya vituo vyote vya saa moja huhitaji mpito kwa kila kituo. La pili ni kubakiza wakati na kuutangulizia kiambishi, mathalani 0 hadi 7. Uandishi hugawanyika mara nane, lakini kila usomaji wa kipindi huwa mipito minane inayopaswa kuunganishwa. Kiambishi hicho kikokotolewe kutokana na ufunguo wenyewe, kisichaguliwe kibahati. Vinginevyo, anayetafuta safumlalo moja hatajua pa kuanzia.

4. Hitimisho

Ufunguo haurekebishwi mahali ulipo: kuubadilisha ni kuandika upya safumlalo nzima chini ya ufunguo mpya na kuifuta ya zamani. Katika jedwali kubwa, gharama hiyo huweza kusimamisha huduma. Kwa sababu hiyo, usanifu hauna budi kuanza na orodha ya maswali yatakayoulizwa na kasi ya uandishi inayotarajiwa, kabla ya safumlalo ya kwanza kuhifadhiwa.