Mfupa Unapokosa Chakula

Mkimbiaji akilalamika kwamba muundi unamuuma na maumivu hayaishi, kocha huanza kuchunguza viatu, barabara na kilomita za wiki. Anafanya vyema. Jambo linalosahaulika ni chakula alichokula mkimbiaji huyo miezi ya karibuni, na kama kilimtosha.

Mfupa ni kiungo hai. Kila mbio huuachia madhara madogo yasiyoonekana kwa macho, nazo chembe za aina mbili huyashughulikia kwa zamu: osteoklasti humeng'enya sehemu iliyochoka, kisha osteoblasti hujenga mpya. Kubomoa huchukua wiki chache, kujenga huchukua miezi. Ujenzi ukizidiwa, mfupa hupata ufa wa mkazo, hasa kwenye muundi na mifupa ya unyayo. Eksirei ya siku za mwanzo mara nyingi haiuonyeshi. Kipimo cha MRI huubaini mapema.

Hata hivyo, wakimbiaji wawili wanaweza kufuata ratiba ileile, mmoja akaumia na mwenzake akabaki mzima. Mara nyingi kinachowatofautisha ni nishati inayobaki mwilini baada ya mazoezi. Tuseme mwanamke ana kilo 50, na 42 kati ya hizo si mafuta. Akikimbia kilomita 20 hutumia takribani kilokalori 1,000. Ikiwa kwa siku alikula 2,200, zimebaki 1,200 za kuendesha moyo, ubongo, kinga na mifupa: chini ya 29 kwa kila kilo isiyo mafuta. Kiasi kinachotosha ni kama 45. Chini ya 30, mwili wa wengi huanza kubana matumizi. Ubongo hupunguza homoni zinazoamuru ovari, estrojeni hushuka, hedhi hukoma. Na estrojeni ndiyo inayozuia osteoklasti zisibomoe kupita kiasi. Kwa mwanamume testosteroni hushuka, ila yeye hana dalili ya kila mwezi ya kumwonya. Ndiyo maana mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipanua maelezo ya hali hii, ambayo awali ilihesabiwa kuwa ya wanawake tu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wakimbiaji 10 wa Kenya kwa wiki moja kabla ya mashindano makubwa. Walichokula kilikuwa pungufu ya walichotumia kwa takribani kilokalori 600 kwa siku. Ugali na chai ya maziwa yenye sukari haviwezi kulaumiwa: wanga ulikuwa kama robo tatu ya nishati yao, nao ndio unaobeba mbio ndefu. Wiki moja ya upungufu mwili huistahimili. Msimu mzima ni hatari.

Matibabu nayo yana mtego wake. Aliyeumia huambiwa apumzike wiki sita hadi nane, naye kwa hofu ya kunenepa hupunguza chakula wakati uleule mfupa unapojengwa upya. Anahitaji uji, maharage, mayai, maziwa, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, ambao wana kalsiamu nyingi.

Kambini bado wapo wanaoamini kwamba hedhi ikikoma mwanariadha ameiva. Imani hiyo inavunja mifupa ya wasichana. Anayekosa hedhi miezi mitatu mfululizo apelekwe kwa daktari kabla ya kuongezewa kilomita hata moja.