Tomati wakati wa mvua

Wandugu, kule Ulaya tomati zinakosa juu ya baridi. Kwetu Vuhovi, karibu na ikweta, theluji hakuna; mvua njo inatunyima. Majani yakikaa na maji, ugonjwa wa mildiu unaingia, na ndani ya juma moja au mawili shamba zima laweza kuoza.

Basi kwa kipwa tunakula sana, hata mbichi na chumvi! Mvua ikianza tufunge mimea kwa miti, tukate majani ya chini, yenye madoa tuyachome. Za kijani zenye ziko wazima tuziweke katika kartoni pamoja na ndizi mbivu: hewa ya ndizi inaziivisha.

Zikiisha, mikebe iko bei. Maharagi yetu yatapata kitunguu na mawese ya Beni. Si sawasawa, tunajua.