Kombaini ikionyesha msimbo wa hitilafu, si lazima sensa iwe imekufa

MPUNGA uliokomaa haumngoji fundi. Katika mashamba ya mradi wa umwagiliaji maji wa Lower Kuja, eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori, kila siku inayopita baada ya punje kuiva ni hasara. Unyevu ukishuka mno, punje hudondoka shambani, na zinazofika kinuni hukatika, huku kwelea nao wakijichukulia fungu lao. Ndiyo maana kombaini inaposimama katikati ya jaruba, taa ikiwaka na nambari zisizoeleweka zikijitokeza kwenye skrini, mwenye mashine na mwenye shamba huingiwa na hofu moja.

Aghalabu kinachofuata ni simu kwa muuza vipuri Kisumu au Nairobi. Sensa mpya hununuliwa, hutumwa kwa basi, hufungwa. Kisha taa ile ile huwaka tena.

Tatizo huanzia katika kuusoma ujumbe. Sensa, au kihisi kwa Kiswahili sanifu (wala si ile ya kuhesabu watu), hupima jambo moja, kama vile joto, shinikizo au mzunguko, na kupeleka habari hiyo kwa kompyuta ya mashine kwa njia ya umeme. Kompyuta haiioni sensa yenyewe. Huona tu volti zilizofika mwisho wa waya. Msimbo basi hutaja saketi yenye kasoro, na saketi ni sensa, waya, plagi na athi kwa pamoja.

Kombaini nyingi kubwa za kisasa hufuata utaratibu uitwao J1939, ulioandaliwa na shirika la wahandisi la SAE nchini Marekani. Msimbo wake una nambari mbili. Ya kwanza, SPN, hutaja kinachopimwa: 100 ni shinikizo la oili ya injini, 110 ni joto la maji ya kupoza injini. Ya pili, FMI, hueleza aina ya kasoro, na ndiyo ambayo wengi huipuuza. FMI 3 ni volti zilizopanda kupita kiasi, 4 ni zilizoshuka kupita kiasi, na 5 ni mkondo hafifu au saketi iliyokatika. Hizo tatu huelekeza kwenye umeme. Lakini FMI 0 au 1 humaanisha kwamba kipimo chenyewe kimevuka mpaka. SPN 100 ikiandamana na FMI 1, injini izimwe papo hapo na oili ipimwe; kubahatisha hapo ni kuiua injini.

Kombaini ndogo huwa na misimbo yao, nyingine zikiitoa kwa hesabu ya mimweko ya taa. Kwa hizo, hakuna budi ila kitabu cha mashine.

Fundi makini huandika msimbo kabla ya kuufuta, huzima injini na kutia ufunguo mfukoni. Misimbo mingi isiyohusiana ikitokea kwa pamoja, mshukiwa wa kwanza ni betri au athi iliyolegea. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6, injini ikinguruma, takriban 14.

Kisha hufuata waya. Panya, wanaovutwa na punje zilizosalia ndani ya mashine, hutafuna nyaya. Matope na maji nayo huingia katika plagi hadi shaba ikaota kutu ya kijani. Sensa ya shinikizo kwa kawaida ina nyaya tatu: moja huleta volti 5, ya pili ni athi, ya tatu hurudisha jibu, mara nyingi kati ya volti 0.5 na 4.5. Plagi ikichomolewa na swichi kuwashwa, multimita inapaswa kuonyesha takriban 5. Zikikosekana, sensa hiyo haina hatia. Huenda jirani yake anayechangia laini hiyo hiyo ndiye anayezivuta chini. Sensa nyingine zichomolewe moja moja hadi volti 5 zirudi.

Sensa za mzunguko hukaa milimita chache tu mbele ya gurudumu lenye meno. Donge la tope au kishikizo kilichopinda chatosha kuzipofusha. Mashine ikiwa na mbili zinazofanana, zibadilishane nafasi: msimbo ukihama nayo, sensa ni mbovu, usipohama, kasoro iko kwenye waya au kwenye shimo lenyewe. Wakati mwingine sensa husema kweli tupu, kwamba mkanda unateleza au lifti ya nafaka imezibwa na mabua mabichi.

Macalder ni mji uliokua kando ya mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1966, na wachimbaji wadogo wangali wakisaga mawe hapo. Fundi aliyezoea injini za dizeli huujua ugonjwa kwa mlio na moshi. Ujuzi huo ungali na thamani, ila kuna desturi moja ya gereji isiyofaa kuhamishiwa kwenye kombaini ya kompyuta: kuchomelea chuma kilichovunjika bila kuchomoa betri. Umeme wa kuchomelea ukipita katika nyaya za mashine waweza kuiunguza kompyuta, na bei yake hailingani kabisa na ya sensa.