Ukaazi wa Wasanii ni Nini, na Nyumba Zetu za Pwani Zinahusikaje?

Mwaka huu nimeulizwa swali moja mara tatu na jamaa walioko Maskati na Dubai. Kijana wao amepata barua ya kumwalika akakae mwezi mzima katika mji fulani wa pwani, ng'ambo, achore au aandike tu. Hakuna mshahara wa ajira, hakuna shule, hakuna cheti mwishoni. Je, ni kweli au ni utapeli? Wananiuliza mimi kwa sababu naishi Wheaton, nje kidogo ya Washington, na wao huamini kwamba mtu aliye Marekani hujua kila kinachofanyika Marekani.

Jambo lenyewe ni la kweli, na lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Lakini si kila barua ni ya kweli, na tofauti yake inafaa kuelezwa. Tena kuna upande wa pili ambao hakuna aliyeniuliza: sisi tuliorithi nyumba Unguja, Lamu au Mombasa tunaweza kuwa wenyeji wa jambo hili, badala ya kuwa waombaji siku zote.

Ukaazi wa wasanii ni mpango ambao taasisi, mji au mwenye nyumba humpa msanii chumba cha kulala, mahali pa kufanyia kazi, na muda. Penye uwezo huongezwa posho ya chakula. Msanii hadaiwi kitu cha kuuza. Anatakiwa afanye kazi yake, pengine aionyeshe siku moja kwa watu wa mji, kisha aende zake. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ni mgeni aliyekuja na jembe lake mkononi, anachokosa ni shamba.

Kwa Mwislamu njia fupi ya kulielewa ni kufikiria wakfu. Mtu huacha nyumba au mali, faida yake ikawasaidia watu asiowajua. Mwaka 1907, huko Peterborough katika jimbo la New Hampshire, Marian MacDowell na mumewe Edward, mtunzi wa muziki, walilifungua shamba lao kwa wasanii. Mume alifariki mwaka uliofuata, mke akaendelea kwa miaka mingi. Hadi leo kila msanii hupewa kibanda chake msituni, na chakula cha mchana huwekwa mlangoni ndani ya kikapu ili asikatizwe kazi. James Baldwin, mwandishi Mwafrika wa Marekani, ni mmoja wa waliokaa pale.

Lakini walioniuliza walikuwa na barua za miji ya bahari, na mfano mzuri kuliko yote niujuao huku ni Provincetown. Ni mji mdogo ulio kwenye ncha kabisa ya rasi ya Cape Cod, jimbo la Massachusetts. Wakaazi wake wa kudumu hawafiki 4,000. Ulikuwa mji wa wavuvi na wawinda nyangumi, wengi wao Wareno waliotoka visiwa vya Azores. Mwaka 1899 mchoraji Charles Hawthorne alifungua shule ya uchoraji pale, na wasanii wakaanza kumiminika. Mwaka 1916 kundi la waigizaji lilionyesha tamthilia ya Eugene O'Neill, kijana ambaye jina lake lilikuwa halijavuma, ndani ya banda la samaki lililokuwa gatini. Baadaye mtu huyo alipata Tuzo ya Nobel.

Kilichowavuta wasanii hao si mandhari peke yake, ingawa vitabu vya utalii hupenda kusema hivyo. Pango lilikuwa rahisi. Uvuvi ulikuwa ukipungua, mabanda yalikuwa wazi, na baridi ilipoingia mji ulibaki na wenyewe. Mwanangu alinipeleka huko mwezi wa Februari. Karibu kila duka lilikuwa limepigwa mbao madirishani, na upepo wa bahari ulikuwa ukitembea barabarani peke yake.

Ukimya huo ndio uliotumiwa mwaka 1968, wakati watu kadhaa, miongoni mwao mshairi Stanley Kunitz na mchoraji Robert Motherwell, walipoanzisha kituo kiitwacho Fine Arts Work Center. Baada ya miaka michache kituo kilihamia katika ghala la zamani la mbao, ambalo mwenyewe alikuwa amewajengea wachoraji vyumba vya kazi juu ya stoo zake tangu mwaka 1914. Kila mwaka huchaguliwa watu 20, waandishi 10 na wachoraji na wenzao 10, wakapewa chumba na posho ya kila mwezi kwa miezi 7, kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Aprili. Angalieni miezi hiyo. Ni ile ambayo mtalii hayupo. Na wanaotafutwa ni wale ambao bado hawajajulikana. Jhumpa Lahiri alikuwa mmoja wao kabla ya kitabu chake cha kwanza, na mwaka 2000 kitabu hicho kikampatia tuzo ya Pulitzer.

Upo pia ubaya wake, na hauandikwi katika barua za mwaliko. Mji ukishasifiwa na wasanii huja matajiri, na bei ya nyumba hupanda. Provincetown ya leo wakati wa joto hujaa makumi ya maelfu ya wageni, na mjukuu wa mvuvi hawezi tena kununua nyumba katika mtaa wa babu yake. Msanii mwenyewe naye hawezi. Kituo kile sasa ni kama kisiwa kidogo: kimebaki kwa sababu majengo ni mali yake, na anayetegemea kupanga huondoka.

Karibu na mimi mambo hufanywa kwa namna nyingine. Ukipanda treni ya chini ya ardhi hapa Wheaton, baada ya kuteremka kwa ile ngazi ya umeme ndefu inayonitia kizunguzungu mpaka leo, utafika Alexandria, mji wa bandari ya kale kwenye mto Potomac. Pale gatini pana kiwanda kilichoanza kujengwa Novemba 1918, siku moja tu baada ya Vita vya Kwanza kusimama, kwa ajili ya kuunda topido. Tangu mwaka 1974 ni jengo la studio za wasanii. Hawalali humo, na wanalipa kodi, ila sharti ni kwamba milango iwe wazi kwa watu wanaopita kutazama kazi inavyofanyika. Wheaton yenyewe haina bahari, wala haina nyumba ya namna hiyo ya kujivunia. Ilichopata mwaka 2006 ni kutangazwa na jimbo la Maryland kuwa mtaa wa sanaa na burudani, chini ya sheria ya mwaka 2001. Msanii anayetengeneza na kuuza kazi yake ndani ya mipaka ya mtaa hupata nafuu ya kodi ya mapato, na mwenye jengo akilitengeneza kwa ajili ya sanaa naye hupunguziwa. Ni msaada, lakini nafuu ya kodi humfaa aliyekwisha kupata cha kutozwa.

Huko kwenu pia yapo. Doha wamelichukua jengo la zimamoto la mwaka 1982 wakaligeuza studio ambazo wasanii waishio Qatar hupewa kwa miezi kadhaa. Sharjah nayo ina taasisi ya sanaa, iliyoanzishwa mwaka 2009, ambayo imezifufua nyumba za kale karibu na bahari kwa maonyesho na kazi za wasanii. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Ghuba asidhani kwamba lazima apande ndege kwenda Ulaya ndipo aitwe msanii.

Sasa tuirudie barua. Nilifanya kazi ya ukarani maisha yangu yote, na barua huisoma kuanzia chini, mahali penye fedha. Moja kati ya zile tatu, iliyotoka Ulaya, ilikuwa na picha za bahari kurasa mbili, na mwishoni kabisa ikamtaka binti alipe dola 2,400 kwa wiki 3, tiketi na chakula juu yake. Huo si ukaazi wa wasanii, ni nyumba ya wageni iliyovaa kilemba. Ada ndogo ya maombi ni ya kawaida Marekani, hata taasisi zenye heshima huitoza. Lakini anayechaguliwa halafu akatakiwa alipie kitanda chake na aulize amechaguliwa kwa lipi. Pia ajue nani atalipa nauli, na taasisi imwandikie aina ya viza atakayoingia nayo, maana ofisa wa uwanja wa ndege hakubali maelezo ya mdomo. Na picha au maandishi atakayofanya humo ni mali ya nani? Hakimiliki inapasa ibaki kwa msanii. Wengine huomba waachiwe kazi moja kama kumbukumbu, na hilo halina neno likiwa limeandikwa mapema.

Upande wa kwetu, desturi hii haikuanza na Wazungu. Mabaharia wa Sur na wenzao walikuja na kaskazi wakakaa Unguja na Lamu miezi hadi kusi ivume. Katika miezi hiyo palipigwa ngoma, palitungwa mashairi, na mafundi wa nakshi waliangaliana mikono. Hakuna aliyeuita ukaazi wa wasanii, lakini vitu vyake vyote vilikuwapo: muda, mahali, na wenyeji walio tayari kukaa na mgeni.

Siku hizi Dar es Salaam ina Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008 huko Mikocheni, ambako makontena ya meli yamefanywa studio na wasanii wa ndani na wageni hufanya kazi ubavuni kwa ubavu. Lamu, mtaa wa Shela, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 Mjerumani Herbert Menzer amekuwa akiwaalika wachoraji wakae wiki kadhaa wakichora nje, vichochoroni na ufukweni. Mwanzoni wengi walitoka Ulaya, kisha Wakenya wakaingia, na hapo ndipo nilipoanza kuupenda mpango ule. Unguja, chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilifunguliwa mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani pale Mizingani. Si ukaazi kwa maana kamili, ni shule, lakini wanamuziki wa nje wamekwenda kukaa na kujifunza taarabu kwa walimu wa pale. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kwamba huenda kikafungwa kwa kukosa fedha, baada ya wafadhili kupungua. Mji wenye kikundi kama Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, ulifikia kuomba dunia iokoe shule yake ya muziki. Tena wapo miongoni mwetu Ghuba wanaotumia zaidi ya mahitaji ya chuo hicho kwa harusi moja. Nisamehewe kwa kusema.

Na hapa ndipo nyumba zinapoingia. Familia kadhaa zinazosoma ukurasa huu zina nyumba Mji Mkongwe, au sehemu ya nyumba, pamoja na warithi kumi na wanane ambao hawakubaliani hata juu ya rangi ya mlango. Nyumba imefungwa. Mawe ya matumbawe na chokaa hayapendi kufungiwa. Maji ya mvua huingia juu, boriti huoza, na siku moja ukuta hukaa chini. Tuliliona hata kwa Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo kwa msaada wa Oman, na watu wakapoteza maisha. Kwa kawaida warithi wakikubaliana hatimaye, hukubaliana kuuza, na mnunuzi hutaka hoteli.

Ipo njia ya katikati. Unguja ina miezi yake ya Provincetown, nayo ni masika. Aprili na Mei watalii hupungua na hoteli nyingine hufunga. Chumba cha juu na ukumbi wa chini vikitolewa miezi hiyo miwili, mwenye nyumba hapotezi kodi ya maana, na nyumba inapata mtu wa kufungua madirisha na kuona linapovuja. Lakini nisingetoa chumba kwa mgeni peke yake. Ningetoa viwili kwa pamoja, kimoja kwa mgeni na kimoja kwa mtoto wa Ng'ambo au wa Pemba anayechonga, anayeshona kofia au anayepiga kanuni, na posho yao iwe sawa. Bila hivyo tutakuwa tumeongeza mgeni mwingine katika mji ambao vijana wake huuona kupitia mlango wa nyuma wa hoteli.

Warithi waanze kwa karatasi moja yenye sahihi za wote: nyumba haiuzwi kwa miaka mitano, nani anashika ufunguo, nani analipa maji na umeme, na chumba kipi hakiguswi kwa sababu kina vitu vya bibi. Matengenezo yoyote yapate kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla fundi hajapandisha ngazi. Na wenye nyumba ya wakfu wazungumze kwanza na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa sababu sharti la aliyeiweka nyumba hiyo ndilo litakaloamua kama msanii anaweza kulala humo au la.