Chakula Kinapomkataa Mtu

Wekeni daftari na kalamu karibu, maana leo tutaandika.

Siku moja nilitembelea darasa la akina mama huko pwani. Walikuwa wakisoma majina ya vyakula ubaoni. Walipofika kwenye neno "kamba", yaani kamba wa baharini, mama mmoja akacheka, akasema, "Huyo hatupatani." Akatueleza kwamba akila kamba, hata mmoja, haipiti saa moja mwili humwasha, vivimbe humtoka shingoni na mikononi, midomo hujaa, na tumbo humkata. Asubuhi huwa mzima. Na kwa kuwa huamka mzima, nyumbani hakuna aliyemsadiki. Mama mkwe wake alisema anajidai. Mumewe alisema ni deko. Basi lilipoletwa sinia la wali wa kamba mbele ya wageni, alikula kwa kuona haya, kisha akaenda kujikuna chumbani peke yake. Alikaa hivyo miaka minne.

Mimi namsadiki mama huyu, na nitawaeleza kwa nini.

Jambo lake lina jina. Huitwa mzio, na wengine husema aleji. Mzio ni neno la zamani: wazee wa pwani walilitumia kwa chakula ambacho mtu hukiepuka, ama kwa mila, ama kwa kuwa hakipatani na mwili wake. Damu ya kila mtu ina walinzi ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Kwa watu wengine walinzi hawa hukosea. Wakikutana na kamba, samaki, yai, karanga au maziwa, hudhani ni adui. Hapo mwili hutoa kitu kiitwacho histamini, nacho ndicho kiletacho mwasho na uvimbe. Chakula chenyewe hakina ubaya, na wenzake wanakila bila taabu.

Labda utauliza, "Tutajuaje kwamba si mawazo yake tu?" Sikilizeni habari hii. Katika mji wa Breslau, ambao zamani ulikuwa Ujerumani na sasa uko Polandi kwa jina la Wrocław, walikuwapo madaktari wawili, Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Küstner alikuwa akila samaki huwashwa na kuvimba. Prausnitz hakudhurika na samaki. Katika jaribio walilolitangaza mwaka 1921, walichukua majimaji ya damu ya Küstner, wakayatia kidogo katika ngozi ya Prausnitz. Kesho yake wakatia mahali pale pale maji yaliyotolewa katika samaki. Ngozi ya Prausnitz ikavimba na kuwa nyekundu! Mtu asiye na mzio wa samaki alivimba kwa sababu ya damu ya mwenziwe. Deko haliwezi kuhamishwa kwa sindano. (Mtu asijaribu jambo hili nyumbani, maana damu huchukua maradhi mengine.)

Lakini si kila taabu ya chakula ni mzio. Samaki kama jodari na vibua wakiachwa juani, histamini huzidi katika nyama yao, na kupika hakuiondoi. Hapo watu wengi waliokula samaki yule yule huweza kuwashwa na kuumwa kichwa siku moja. Huyo ni samaki aliyeharibika. Mwenye mzio huwashwa peke yake, tena kila mara alapo chakula kile. Yuko pia mtu ambaye tumbo hujaa na kuhara akinywa maziwa mabichi, lakini mtindi haumsumbui sana. Mara nyingi huyo tumbo lake halimudu sukari iliyomo katika maziwa, na huo si mzio.

Sasa nasema na wapishi. Kumwondolea mtu kamba na kumwachia mchuzi si msaada, kwa maana kilichomo ndani ya kamba hakifi kwa moto, na kidogo tu chatosha. Mpikie katika chungu kingine, kwa mwiko mwingine, wala usimkaangie katika mafuta yaliyokaanga kamba. Wako watu wanaomtilia mgeni chakula kile kwa siri ili wamjaribu. Hiyo ni hatari kubwa. Aliyewashwa leo hakupewa hati kwamba kesho atawashwa tu. Mtu akianza kuhema kwa shida, sauti ikakauka, koo likabana, au akazirai, msingojee asubuhi. Mpelekeni hospitali saa ile ile.

Tuandike sasa. Ukishuku chakula fulani, usitegemee kumbukumbu. Andika siku, saa, ulichokula, na kilichotokea. Mama yule aliandika hivi:

Jumatatu, saa 7 mchana. Wali na kamba. Saa 8 kasorobo, mwasho shingoni, midomo imevimba.

Alhamisi, saa 2 usiku. Ugali na mchicha wa karanga. Sikuona kitu.

Mpelekee daktari maandishi hayo. Yeye hakukuona ulipokuwa umevimba, na ukifika kwake huenda vivimbe vimekwisha kutoweka. Ukinunua chakula cha kopo au cha pakiti, soma maandishi madogo ubavuni: karanga, maziwa na soya hutiwa katika vitu ambavyo hukuvidhania.

Ila msimkataze mtoto mayai, maziwa na samaki kwa kubahatisha tu. Hivyo ndivyo vyakula vya kumkuza. Mwulizeni daktari kwanza, na baada ya miaka michache mwulizeni tena, maana watoto wengi wenye mzio wa maziwa au mayai hupona wakikua. Mzio wa kamba, samaki na karanga mara nyingi hudumu.

Mwalimu, sasa zima redio. Kila mmoja aandike sentensi tatu, kisha azisome mbele ya wenzake: Mama yule angemwambia nini mama mkwe wake, sinia likiwa limekwisha kuwekwa na wageni wamenawa mikono, bila kumvunjia heshima?